Maswali ya Wasomaji: Mwavuli Mdogo, Mwendo Mkubwa

Mwezi huu barua nyingi zimehusu jambo moja, nalo ni kuhama kutoka mwavuli mpole ambao mrukaji wa parachuti alijifunzia hadi mwavuli mdogo wa kasi. Nimechagua tano. Kwa msomaji asiyeruka, nieleze kwanza kwamba parachuti ya michezo ya leo si ule mwavuli wa duara unaoonekana katika picha za vita vya zamani. Ni bawa la kitambaa lenye vyumba vinavyojazwa na upepo, umbo lililobuniwa na Domina Jalbert, aliyepewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1966. Bawa hilo huenda mbele, hukata kona na hutua kwa kupunguza mwendo kama ndege. Kila ninapoandika mwavuli, basi, msomaji afikirie bawa.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Likoni, nina kilo 78 na nimefikisha miruko 212. Mwavuli wangu ni wa mstatili, wa futi za mraba 170, na nimeuzoea kiasi kwamba sasa haunipi raha. Mgeni mmoja anayerudi kwao Ulaya ananiuzia mwavuli wake wa umbo la duaradufu, wa futi 120, wenye nyuzi mpya, kwa bei ambayo sidhani nitaipata tena. Wenzangu wananihimiza niuchukue kwa sababu kila nikitua nasimama kwa miguu yangu. Nifanyeje? – Msomaji, Likoni

Marahaba, mwanangu. Usiununue. Nitakupa sababu kwa hesabu kwanza, kisha nitaeleza yale ambayo hesabu haiyaonyeshi.

Ukali wa mwavuli hupimwa kwa kuchukua uzito wote unaoning'inia chini yake, kwa ratili, na kuugawanya kwa eneo la kitambaa, kwa futi za mraba. Jibu lake tuliite mzigo wa bawa. Ukijumlisha nguo, kofia, mkoba na miavuli yote miwili, mkuu na wa akiba, unaongeza kilo 12 hivi, kwa hiyo unatoka ndegeni ukiwa na kilo 90, sawa na ratili 198. Chini ya mwavuli wako wa 170, mzigo wa bawa ni 1.17, chini ya huo wa 120 utakuwa 1.65. Brian Germain, mkufunzi wa Marekani, alipendekeza kikomo kilicho rahisi kukumbuka: anza na 1.0, kisha ongeza 0.1 kwa kila miruko 100. Kwa miruko yako 212 kikomo ni 1.2, maana yake mwavuli unaouona haukupi raha ndio hasa unaokufaa sasa. Ili uufikie wa 120 kwa kipimo hicho unahitaji miruko 650 hivi, na hapo tumehesabu ukubwa peke yake, umbo bado hatujaligusa.

Kasi ya bawa hukua kwa kipeuo cha pili cha mzigo, kwa hiyo utakwenda mbio zaidi kwa asilimia 19 hivi, na pengine utasema hiyo si nyingi. Lakini nishati ambayo mwili utaipokea ukigonga ardhi hukua sawasawa na mzigo wenyewe, nayo itaongezeka kwa asilimia 42 hivi, ilhali mifupa utakayotua nayo ni ileile.

Sasa umbo. Mwavuli wa duaradufu umepunguzwa kwenye ncha zake, kwa hiyo humtii rubani wake upesi mno, hata ukiegemeza nyonga upande mmoja tu bila kugusa breki. Utiifu huo ni mtamu unapoutaka, na ni balaa unapokuja bila kuitwa. Wakati wa kufunguka, bega lako moja likiwa juu ya jingine, bawa huanza kugeuka kabla hujashika chochote, nyuzi hujisokota juu ya kichwa chako, na badala ya kukungoja ujisokotoe kwa kupiga mateke kama ufanyavyo na wa 170, huanza kuzunguka kwa nguvu na kupoteza mamia ya futi ndani ya sekunde chache. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, huwashauri wenye leseni ya B, yaani ya daraja la pili, na kuendelea wawe wameshaamua kuuachia mwavuli wenye hitilafu ili wafungue wa akiba kabla ya kushuka chini ya futi 1,800. Ukiwa unazungushwa huku damu imekushuka miguuni, uamuzi huo huwa mgumu kuliko unavyouwaza ukiwa umekaa barazani.

Lakini kinachonifanya nikujibu kwa urefu huu ni kutua. Kwa miaka mingi taarifa za ajali za USPA zimerudia habari ileile, kwamba sehemu kubwa ya wanaokufa katika mchezo huu hufa chini ya mwavuli uliofunguka vizuri, usio na kasoro, kwa kosa lililofanywa karibu na ardhi. Mara nyingi kosa hilo ni kona ya chini. Mrukaji huona kitu mbele yake, au hugundua kwamba upepo umegeuka, naye huvuta kishikio kimoja cha breki kwa nguvu. Bawa hulala ubavu, mwili hurushwa nje kama mtu aliye kwenye pembea, na pua ya bawa huelekea chini. Mwavuli wako wa 170 huinua pua yenyewe upesi. Wa kasi hukaa katika mbizi hiyo kwa muda mrefu zaidi, na waliouunda walikusudia iwe hivyo, kwa maana mbizi ndiyo inayowapa washindani mwendo wa kuteleza juu ya maji katika mashindano ambayo yana ubingwa wake wa dunia tangu mwaka 2006. Mkono wako, uliozoea kuokolewa na wa 170, hautajua kwamba juu yake kuna bawa jingine.

Ninalijua hili kwa mwili wangu. Nilipokuwa na miruko 300 hivi, mahali ambapo sitapataja, niliazimwa mwavuli wa 120 pasipo mtu kuniuliza nimeruka mara ngapi. Miruko sita ilikwenda vizuri, nikaamini nimeuweza. Katika wa saba, wavuvi wawili walikuwa wakiisukuma ngalawa yao majini mahali hasa nilipokusudia kutua. Nilikuwa juu kiasi cha mnazi mmoja na nusu. Sikumbuki kwamba niliamua kuvuta kishikio cha kulia. Ninachokumbuka ni mchanga ukinijia kutoka ubavuni. Nilivunjika kifundo na mfupa wa muundi, nikakaa miezi minane bila kuruka, na wale wavuvi ndio walionibeba hadi barabarani. Nilichohitaji siku ile ni kugeuka nyuzi 30 tu bila kulilaza bawa, jambo ambalo mwavuli wangu wa zamani ungenifundisha laiti ningekuwa na subira ya kuuuliza.

Kwa sababu hiyo nakuomba uache kujipima kwa kusimama kwa miguu yako. Siku ya upepo mzuri, mahali papana, kusimama kwa miguu ni kazi ya mwavuli zaidi kuliko yako. Jiulize kama unaweza, ukiwa na wa 170, kugeuka nyuzi 90 ukiwa futi 50 tu kutoka ardhini na bawa likabaki karibu sawa, kwa kuvuta breki zote mbili hadi nusu kisha kuachia upande mmoja kidogo. Jiulize kama umewahi kutua huku upepo ukikupiga ubavuni, ukatua siku isiyo na upepo kabisa, na kama ukichora duara la mita 10 mchangani utaingia humo mara kwa mara, si siku unayobahatika tu. Jifunze kutua kwa kuvuta mikanda ya nyuma, ile inayounganisha mabega yako na nyuzi za nyuma za bawa, kwa sababu iko siku uzi wa breki utakatika, na siku hiyo haitachagua mwavuli. Ujuzi huo wote uko ndani ya mwavuli ulio nao, nawe hujaumaliza.

Ukishaumaliza, nenda 150, wa mstatili uleule. Usiruke ukubwa wowote njiani na usibadilishe ukubwa na umbo kwa pamoja, kwa kuwa mambo yakiharibika hutajua ni lipi lililokuponza. Hata 150 itakupandisha hadi 1.32, ambayo kwa kikomo nilichokitaja ni miruko 320. Miruko ya kwanza itoke peke yako, ufungue juu ya futi 5,000, na huko juu ufanye kazi badala ya kutazama bahari: geuka nyuzi 90 kwa nguvu, soma altimita kabla na baada, uandike umepoteza futi ngapi, shusha breki polepole mpaka bawa liporomoke kwa kukosa mwendo, ili mikono yako ijue mpaka wake uko wapi, kisha fanya kutua kwa uongo, angani, mara tano au sita. Namba utakayoipata kwenye kona ile ndiyo urefu ambao chini yake hutakiwi kabisa kuvuta kishikio namna hiyo.

Kuhusu bei, kumbuka pia kwamba mkoba uliokatwa kwa ajili ya 170 hautaibana 120 inavyopaswa, na mkoba uliolegea unaweza kufunguka kabla ya wakati wake. Utalazimika kununua mkoba mwingine, na hapo bei nafuu imeshakwisha. Fedha hizo zikupe miruko.

Mwalimu, mimi ni msichana wa Bamburi, nina kilo 52 na miruko 180. Natumia mwavuli wa 135. Wanaume ninaoruka nao wananiambia kwamba mzigo wangu wa bawa ni wa mwanafunzi, na kwamba nikichukua 107 nitakuwa tu sawa na wao. Isitoshe, siku za upepo mimi husimama angani, siendi mbele, huku wao wanatua bila taabu. Je, wanasema kweli? – Msomaji, Bamburi

Hesabu yao ni sahihi, dada, lakini hitimisho lao si sahihi. Ukitoka ndegeni na vifaa vya kilo 11 unakuwa na ratili 139, na chini ya 107 mzigo wako utakuwa 1.30, sawa na mwanamume wa kilo 77 chini ya 150. Namba zinalingana, ila miavuli hailingani. Bawa dogo lina nyuzi fupi, na pembea ya kamba fupi huyumba haraka kuliko ya kamba ndefu. Mkono wako unashuka kiasi kilekile cha sentimita ambacho wa mwenzako unashuka, lakini sentimita hizo ni sehemu kubwa zaidi ya bawa lako kuliko la kwake. Kwa hiyo 107 yako itageuka na kupiga mbizi upesi kuliko 150 yake, hata kama karatasi inasema mko sawa. Ndiyo sababu wakufunzi makini huwapunguzia watu wepesi kikomo cha mzigo badala ya kuwalinganisha na wazito.

Hatua yako inayofuata ni 120, itakayokupa 1.16, na kwa miruko yako ningependa uingojee kidogo. Nakubali kwamba mtu mwepesi ana shida ya kweli siku za upepo, na hiyo ni sababu halali zaidi ya kupunguza ukubwa, polepole, kuliko ile ya kutaka kufanana na wenzio. Lakini siku ambayo 135 inakusimamisha angani, jibu lake ni kubaki chini, uwasaidie wenzio kukunja miavuli. Hakuna anayekudai mruko.

Mwalimu, mimi ni mkazi wa Tudor na huruka Diani. Nimehamia mwavuli wa kasi mwaka huu, kwa hatua, nikisimamiwa. Ninachotaka kujua ni kuhusu hewa ya pwani yetu. Kwa nini asubuhi mwavuli hunitikisa ilhali jioni yenye upepo mkali zaidi naona shwari? Na je, nikienda kuruka bara kutakuwa na tofauti? – Msomaji, Tudor

Swali hili limenifurahisha, kwa sababu wengi huuliza upepo una nguvu kiasi gani na wachache huuliza umepita wapi kabla ya kufika.

Kusi, inayovuma hasa kuanzia Aprili hadi Septemba na kuzidi nguvu katikati yake, hutujia kutoka baharini, na kaskazi ya Desemba hadi Machi vilevile. Pwani ya Diani inatazama mashariki, kwa hiyo pepo zote mbili hufika mchangani zikiwa zimepita juu ya maji matupu, hazijagonga kitu. Hata zikiwa kali, zimenyooka. Umande, yaani ule upepo wa asubuhi, ni kinyume chake. Huo hutoka nchi kavu, na kabla haujafika ufukweni umepita juu ya miti, minazi na mapaa ya hoteli, ukajiviringisha nyuma ya kila kimoja kama maji yanavyojiviringisha nyuma ya nguzo ya gati. Msukosuko huo unaweza kuenea umbali wa mara 10 ya kimo cha kizuizi, na zaidi upepo ukiwa mkali. Mnazi wa mita 20 unaharibu hewa ya mita 200 mbele yake, na ufuo wetu si mpana kiasi hicho. Mwavuli mkubwa ukipita humo hutikisika na kuendelea. Wa kasi, ulio karibu na ardhi na ulio katikati ya kugeuka, unaweza kupotelewa na upande mmoja wa bawa pale ambapo huna urefu wa kusubiri ujijaze tena. Asubuhi ya umande, tua karibu na maji, mbali na miti, na usipige mbizi yoyote. Vipindi vya tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi, vinahitaji macho zaidi, kwani upepo unaweza kukugeukia kati ya kupanda ndegeni na kutua.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa kwetu huzidi mita 3, na ufuo uliouona mpana wakati wa kupwa unaweza kubaki ukanda mwembamba saa sita baadaye. Ukanda mwembamba unakulazimisha utue kwa kuufuata urefu wake, hata kama upepo unatoka baharini na kukupiga ubavuni. Ndiyo maana nimemwambia kijana wa Likoni ajifunze kutua hivyo akiwa bado na mwavuli mpole. Mwenye mwavuli wa kasi hapa kwetu anapaswa kujua saa za maji kama nahodha wa jahazi anavyozijua, na ikiwa maji yamejaa siku ya bamvua, huku watoto na wauza madafu wamebanwa wote kwenye mchanga uliobaki, hiyo si siku ya kuteleza mita 50 juu ya ardhi.

Kuhusu bara, ndiyo, tofauti ipo, nayo hupimika. Hewa nyembamba hulilazimisha bawa kwenda kasi zaidi ili kubeba uzito uleule. Hapa pwani kwenye joto la nyuzi 32 unakwenda kasi kwa asilimia 3 hivi kuliko katika hewa ya vipimo vya kawaida vya usawa wa bahari. Mahali palipo kwenye mwinuko wa Nairobi, karibu mita 1,660, siku ya nyuzi 25, inakuwa asilimia 12 hivi. Macho yako yaliyozoea ufuo yatakuambia uanze kubreki kwa wakati uliozoea, na utakuwa umechelewa. Na mbizi iliyokutosha hapa itakula urefu zaidi huko. Mruko wa kwanza wa bara, tua kwa kunyooka tu.

Je, kile kifaa kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe kinahitaji kubadilishwa nikihamia mwavuli wa kasi? Na mwavuli wa akiba nao niupunguze? – Msomaji, Changamwe

Kwa sasa huna haja ya kubadilisha kifaa, mradi hupigi mbizi kubwa kabla ya kutua. Cypres ya kawaida, kutoka Ujerumani, ambayo aina yake ya kwanza ilitoka mwaka 1991, hufungua mwavuli wa akiba ikiwa mtu bado anashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde afikapo karibu mita 225 juu ya ardhi. Wanaopiga mbizi za mashindano wanaweza kuukaribia mwendo huo chini ya mwavuli mkuu ulio mzima, na mwavuli wa pili ukitoka hapo ni hatari kubwa, kwa hiyo hutumia aina iliyowekewa kikomo cha mita 43 kwa sekunde. Muulize mkufunzi wako siku utakapoanza kona za namna hiyo, kabla ya kuzianza.

Mwavuli wa akiba usiupunguze kwa ajili ya kuingia kwenye mkoba mdogo wa kupendeza. Huo ndio utakaokushusha ukiwa umepigwa kichwani na hujitambui, labda juu ya paa au majini, bila mtu wa kuvuta breki. Uwe mkubwa kadiri mkoba wako unavyoruhusu.

Mwalimu, mwanangu wa pili ameajiriwa bandarini na kila akipata likizo huvuka feri kwenda Diani kuruka. Sasa anasema ananunua mwavuli wa kasi. Baba yake amekasirika na hataki kulisikia jambo hilo. Mimi sitaki kumkataza kitu nisichokijua, lakini silali. Nimuulize nini? – Mama, Majengo

Mama, umefanya vyema kuuliza kabla ya kukataza, kwani kijana akikatazwa nyumbani ataendelea kuruka, ila hatakuwa na mtu wa kumweleza siku aliyoogopa.

Muulize anatumia ukubwa gani sasa na anakwenda ukubwa gani, na kama kuna ukubwa aliouruka katikati. Muulize ni nani aliyemwambia yuko tayari, na kama mtu huyo ni mkufunzi aliyemtazama akitua mara nyingi au ni muuzaji wa mwavuli. Kisha muulize swali hili moja na umwache ajibu kwa muda wake: ukiwa futi 50 juu ya mchanga na mtoto akakatiza mbele yako, mikono yako itafanya nini? Jibu zuri lina breki zote mbili ndani yake, na bawa lililobaki sawa, na kukubali kutua vibaya kidogo au kuingia majini kuliko kukata kona. Akijibu kwamba jambo hilo haliwezi kumtokea, basi bado hajawa tayari, na unaweza kumwambia hivyo bila kuwa umewahi kupanda ndege.

Halafu mwombe akupeleke. Chagueni siku ya maji kupwa, ukae chini ya kivuli, na wakati wenzio watakapotazama angani wewe usubiri mpaka afike karibu kabisa na mchanga. Tazama mikono. Anayetua vizuri huishusha yote miwili kwa pamoja, polepole, mpaka mwisho, hata miguu ikishagusa. Anayeogopa kuanguka hunyoosha mkono mmoja kuelekea ardhini, kama kila mtu afanyavyo akijikwaa, na mkono huo umeshika kishikio, kwa hiyo bawa hugeukia upande huohuo. Chini ya mwavuli mpole atachafuka mchanga tu, lakini chini ya mwavuli wa kasi atavunjika. Mtazame mara tatu au nne. Ukiuona mkono ule ukitoka, hata mara moja, mweleze ulichokiona na umwombe akamweleze mkufunzi wake maneno hayohayo kabla hajalipa fedha kwa mtu yeyote.